Jiwe la Kumi na Tano

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wapiga picha wenzangu, hamjambo, na poleni na safari.

Nimeombwa nizungumze juu ya picha na Japani. Naomba tuanzie barazani.

Mjini Kyoto kuna hekalu la Kibudha liitwalo Ryoan-ji, na ndani yake kuna bustani isiyofanana na bustani tulizozoea. Haina mti, haina ua, haina maji. Ni kiwanja cha mstatili, urefu mita 25 hivi na upana mita 10, kilichotandazwa changarawe nyeupe na kuchanwa kwa reki mpaka ikawa na mistari kama mawimbi madogo. Juu ya changarawe hiyo yamekaa mawe 15, kwa mafungu matano. Basi. Watu wanavua viatu, wanaketi kwenye baraza ya mbao, wanatazama.

Siku niliyofika mimi, pembeni yangu aliketi mtoto wa shule akihesabu mawe kwa kidole. Alifika 14. Akasogea kushoto, akahesabu upya: 14. Akahamia mwisho wa baraza, akanyanyua kidole tena, na hesabu ikawa ileile. Bustani ile imepangwa hivi kwamba ukiketi popote barazani, lazima jiwe moja angalau lijifiche nyuma ya jingine. Aliyeibuni hajulikani kwa hakika, kwa hiyo hatuna wa kumwuliza alikusudia nini. Jiwe la kumi na tano lipo, unajua kwamba lipo, na hulioni.

Mimi nilikuja na lenzi pana kuliko zote nilizonazo, nimekusudia kuyapata mawe yote. Nilitembea baraza nzima, huku na huku, nikipiga. Usiku ule hotelini nilizipitia picha zaidi ya sitini, moja baada ya moja, na hakuna hata moja iliyokuwa na kile kilichonishika koo pale barazani. Nilikuwa nimerudi na mawe na changarawe, ila bustani nimeiacha palepale.

Niwaeleze nilitoka wapi. Kazi hii nilijifunza kwenye studio ya mjomba wangu. Pale studio, picha nzuri ilikuwa picha iliyojaa. Mteja amelipa hela yake, basi aonekane kuanzia nywele hadi viatu, na saa mkononi ionekane, na redio pembeni ionekane, na maua ya plastiki yaonekane. Mguu ukikatwa, mteja anaikataa picha, na alikuwa na haki yake, maana picha ile ilikuwa inakwenda kwa mama yake kijijini, na mama alitaka kumwona mwanawe mzima mzima. Sitaidharau elimu ile hata siku moja. Lakini ilinifundisha kujaza tu. Kuacha nilikuja kujifunza ukubwani, na walionifundisha ni Wajapani, wengi wao watu waliokufa kabla kamera haijabuniwa.

Mkitafuta habari hizi mtandaoni mtakutana na orodha ya kanuni saba: kutolingana, usahili, uasili, utulivu, na kadhalika. Orodha hiyo ina mwenyewe. Ni mwanafalsafa Shin'ichi Hisamatsu, aliyefariki mwaka 1980, ndiye aliyetaja sifa saba alizoziona katika sanaa ya Zen, madhehebu ya Kibudha. Alikuwa anaeleza alichokiona kwenye kazi zilizokwisha kufanywa. Siku hizi zinafundishwa kama masharti ya kuweka alama ya vema, na kuna hata filta za simu zenye majina hayo. Leo sitapita njia hiyo. Nina neno moja tu la kuwaambia, na yote mengine yanalizunguka: picha anaimalizia anayeitazama, na wewe mpiga picha kazi yako ni kumwachia mahali pa kuingilia.

Wajapani wana neno fupi la mahali hapo. Wanapaita ma.

Ma huandikwa kwa alama moja: lango, na katikati ya lango jua. Zamani, badala ya jua, ulikuwa mwezi. Kwa hiyo fikirieni mlango wa mbao uliofungwa, usiofungika vizuri, na mwanga unaopita kwenye mwanya. Neno hilo hutumika kwa nafasi kati ya nguzo na nguzo, na vilevile kwa kimya kati ya pigo la ngoma na pigo linalofuata. Sisi tunaosema Kiswahili hatuna shida ya kulielewa, kwa sababu tuna ushairi. Mshororo wa mizani 16 unapoghaniwa, ukifika katikati, pale ukwapi unapokwisha na utao haujaanza, mghani anatua kidogo. Pale hapana silabi yoyote. Lakini mnyang'anye mghani mahali pale pa kutua, muone kama shairi litasimama.

Kuna mchoraji aitwaye Hasegawa Tohaku, aliyeishi kati ya mwaka 1539 na 1610. Alichora misonobari kwenye jozi ya viambaza vya kukunjwa, kila kimoja kina kurasa sita, kwa wino mweusi peke yake. Kazi hiyo iko Makumbusho ya Taifa ya Tokyo. Ukiikaribia unaona mikwaruzo ya burashi, mikali, kama ya mtu mwenye haraka. Ukirudi nyuma hatua kadhaa, miti inasimama na ukungu unatembea katikati yake. Huo ukungu Tohaku hakuuchora. Ni karatasi aliyoiacha. Sehemu kubwa ya kazi ile ni karatasi ambayo burashi haikuigusa, na ndiyo inayotia baridi mwilini.

Sasa twende kwa wa kwetu, wa kamera. Shoji Ueda alizaliwa mwaka 1913 Sakaiminato, mji wa bandari upande wa Bahari ya Japani, na mwaka 1932, akiwa na miaka 19, alifungua studio yake hapohapo. Hakuhamia Tokyo. Si mbali na kwao kuna matuta ya mchanga ya Tottori, yanayonyoosha kilomita 16 hivi kando ya bahari. Ueda aliyafanya matuta yale kuwa studio. Aliwapeleka mke wake na watoto, akawasimamisha mchangani, nyuma yao mchanga na anga basi. Mwaka 1949 alipiga picha ya familia ambayo mpaka leo inafundishwa: watu wamepangwa kwa mstari, kila mtu na kipande chake cha mchanga. Kabla ya hapo, mwaka 1939, alikuwa amewapiga wasichana wanne, kila mmoja na mkao wake, wamesimama mbalimbali.

Nimezitazama picha hizo miaka mingi, na nataka niwape nilichokiona, mkakithibitishe wenyewe. Wasichana wale wanne mtu akiwasogeza wakagusana mabega, inabaki picha ya marafiki wanne. Ueda amewaachanisha kwa umbali ambao hauko karibu wala mbali. Ungewaongezea hatua mbili, wangekuwa watu wasiojuana. Ungepunguza hatua moja, wangekuwa kundi. Pale alipowaweka, jicho linakwenda kwa huyu, linavuka mchanga, linafika kwa yule, na katika kuvuka ndipo unapoanza kujiuliza wana nini hawa, wamegombana, wanangoja nani. Hadithi umeitunga wewe. Yeye amepima mchanga.

Hapo niwaonye, kwa sababu naona picha nyingi za vijana wetu siku hizi: mtu mmoja mdogo kwenye kona, ukuta mweupe umejaa fremu, na chini yake limeandikwa neno la Kijapani. Ukuta mtupu ni ukuta mtupu. Chukua picha hiyo, ifunike sehemu iliyo wazi kwa kiganja. Kama picha haikupoteza kitu, nafasi ile ilikuwa bure, ikate. Kama ulipoifunika umehisi mtu yule amebanwa, au ameacha kungoja alichokuwa anakingoja, basi hapo palikuwa na ma, usiiguse.

Mimi riziki yangu ni harusi. Tangu nilipomjua Ueda, kuna kitu nakitafuta katika kila harusi: bibi harusi na mama yake, hatua moja kabla ya kukumbatiana. Mikono imeshanyanyuka, bado haijafika. Kumbatio lenyewe litapigwa na simu mia moja ukumbini. Ile hatua moja iliyobaki haipigwi na mtu, na mama wengi wakiiona hiyo picha ndipo wanapolia.

Nihamie kwenye kuficha.

Mnamo karne ya 14 na ya 15 aliishi mwigizaji mkubwa wa tamthilia za Noh aitwaye Zeami. Aliandika mafundisho kwa ajili ya ukoo wake, na humo kuna sentensi inayojulikana na kila Mjapani aliyesoma: kikifichwa ndicho ua, kisipofichwa hakiwezi kuwa ua. Neno alilolipenda ni yugen, uzuri wa ndani usioonekana wote, kama mlima nyuma ya ukungu. Msidhani mambo haya hayafiki kwenye kamera. Mwaka 1978 mpiga picha Issei Suda, ambaye alikuwa amepitia kazi ya kupiga picha za kundi la maigizo, alitoa kitabu cha picha za watu kwenye sherehe na barabara za mikoani, akakiazimia jina la mafundisho yaleyale ya Zeami. Ukizitazama picha zake, watu ni wa kawaida kabisa, mchana kweupe, nyeusi na nyeupe, na bado kila mmoja ameshika siri.

Lakini somo kubwa la Noh kwa mpiga picha liko kwenye kinyago. Kinyago cha Noh huchongwa kwa mbao, uso mmoja, haucheki wala haulii. Mwigizaji akitaka furaha, anainua kidevu kidogo, mwanga unaushika uso. Wajapani husema ameutia nuru. Akitaka huzuni, anainamisha kidogo tu, kivuli cha paji kinashuka machoni. Husema ameutia wingu. Mbao haijabadilika hata unywele. Kilichobadilika ni pembe yake na mwanga.

Nilipolijua hilo niliacha kuwaambia watu "tabasamu". Naomba mlijaribu kesho: mketishe mtu karibu na dirisha, mwambie asifanye lolote na uso wake, kisha umwombe ainue kidevu upana wa kidole, halafu ashushe upana wa kidole. Piga zote mbili. Weka picha mbili hizo mezani. Ni watu wawili. Yule wa pili ana jambo moyoni, na hukumwomba aigize jambo lolote.

Hapa lazima niseme kitu kwa ajili yetu sisi tunaopiga watu weusi. Kuficha kuna mipaka. Kamera nyingi zikiachwa zijiamulie, zikaona ukuta mweupe nyuma na uso mweusi mbele, zinauzamisha uso. Wako wanaoliita hilo kivuli cha kisanii. Uso uliozama kwa sababu mpiga picha hakujua kupima mwanga ni uso uliopotea, na mwenye uso amedhulumiwa. Pima mwanga kwenye shavu lake. Ukishakuwa na uwezo wa kumwonyesha mzima, hapo ndipo una haki ya kuamua nini kibaki gizani.

Na giza likibaki, lisiogopwe. Nyumba ya kale ya Kijapani ina paa lililotokeza mbele sana, na milango ya karatasi inayouchuja mwanga, kwa hiyo ndani mna ugiza wa kudumu. Mwandishi Jun'ichiro Tanizaki, mwaka 1933, alieleza kwamba vyombo vya mbao vilivyopakwa laka na kunakshiwa dhahabu vilitengenezwa vitazamwe katika ugiza ule, kwa mwali wa mshumaa, dhahabu ikitokea na kupotea. Uvichukue uvimulike kwa taa ya umeme, vinaonekana vya kujionyesha tu. Flashi ya kamera inafanya kosa hilohilo. Inakipata kila kitu kwa mara moja, na jicho linaondoka kwa sababu halina tena la kutafuta.

Mtaniuliza, basi pale Ryoan-ji ulitoka na nini? Asubuhi ya pili nilirudi na lenzi moja ya milimita 50. Sikupiga jiwe hata moja. Nilipiga mbao za baraza, zilizolainika kwa nyayo za watu, na pembeni mwa fremu mkono wa mtoto mwingine, kidole kimenyooka kuelekea nje ya picha, mahali ambapo mtazamaji hapaoni. Picha hiyo iko ukutani kwangu, na wageni wote huuliza swali lilelile, anahesabu nini.

Sasa wabi na sabi. Maneno haya yamezoeleka kutajwa kwa pumzi moja, na ndiyo yanayonitia wasiwasi kuliko yote, kwa hiyo mniwie radhi nikikaa hapa kidogo.

Sabi ni umri unaoonekana, kutu, kufifia, ngozi ya kitu kilichotumika. Ukuta mfupi unaoizunguka bustani ya mawe niliyoitaja umejengwa kwa udongo, na inaelezwa kuwa udongo ule uliandaliwa kwa mafuta. Mafuta hayo yamevuja miaka na miaka, yakauchora ukuta mawingu ya kahawia. Watu hufika kuangalia mawe, mimi nawashauri wautazame ukuta pia. Kwenye picha, yuko Masao Yamamoto, aliyezaliwa mwaka 1957. Anachapa picha ndogo, nyingine zinaenea kiganjani, anazitia rangi ya chai, anazishika, anatembea nazo mfukoni mpaka kingo zinachakaa. Wakati wenzake wanachapa picha kubwa kama mlango, yeye anakulazimisha uinamishe kichwa na uisogelee kama unayesoma barua ya mtu.

Wabi, uzuri wa uhaba uliochaguliwa, ina historia nyingine, nayo inaanzia kwenye chai. Mwalimu wake mkubwa ni Sen no Rikyu, aliyezaliwa mwaka 1522. Chumba cha chai kinachoaminika kuwa chake, Tai-an, bado kipo karibu na Kyoto. Ukubwa wake ni mikeka miwili ya tatami. Mlango wa kuingilia wa wageni una sentimita 80 hivi kwa urefu. Mgeni hata awe jemadari, anaacha upanga nje na kuingia kwa magoti. Vikombe ni vya udongo mweusi, vimefinyangwa kwa mkono, havina duara kamili. Inasimuliwa kwamba Rikyu alikuwa na bustani ya maua ya asagao, yale yanayochanua alfajiri na kusinyaa kabla ya adhuhuri, na mtawala wa Japani, Toyotomi Hideyoshi, akaomba aje ayaone. Alipofika akakuta yote yamekatwa. Akaingia chumbani amekasirika, na mle ndani, kwenye ugiza, akakuta ua moja.

Kila mpiga picha angepaswa kulijua simulizi hilo kabla ya kushika kitufe. Lakini angalieni nani anayesimuliwa. Rikyu alikuwa mtoto wa mfanyabiashara, mhudumu wa chai wa mtu aliyekuwa na chumba kizima cha chai kilichopambwa kwa dhahabu. Alikichagua kikombe cha udongo hali dhahabu iko chumba cha pili. Uchaguzi wake ulikuwa na uzito, na alikufa mwaka 1591 kwa amri ya huyohuyo Hideyoshi aliyekuwa akimpikia chai.

Sasa mtu anaingia uswahilini, anapiga ukuta uliopasuka, bati lenye kutu, bibi kizee ameketi kwenye kigoda kilichovunjika mguu, kisha anasema ameipata wabi-sabi. Ndugu zangu, bibi yule hakuuchagua ule ufa. Angepata saruji angeuziba jana. Uhaba wa kuchagua na uhaba wa kubanwa ni mambo mawili, na ukiyachanganya unamgeuza binadamu kuwa pambo. Ukitaka kumpiga bibi yule kwa roho ya Rikyu, muulize ni kitu gani ndani ya nyumba yake anakipenda, amekitunza, amekishika miaka arobaini. Huenda ni kinu, huenda ni kikombe cha bati kilichobanduka rangi. Mpige amekishika hicho. Hapo umri wa kitu ni fahari yake mwenyewe.

Nipite haraka kwenye ukungu wa picha, maana najua wengi mna hamu ya lenzi. Neno boke, la kufifia kwa kitu kilicho nje ya fokasi, ni la Kijapani, na tangu miaka ya 1990 limeenea dunia nzima. Lakini kwao lina historia kali zaidi ya mandhari laini nyuma ya bibi harusi. Mwaka 1968 kundi la wapiga picha na waandishi wa Tokyo lilianzisha jarida la Provoke, na Daido Moriyama akajiunga nalo toleo la pili. Picha zao zilijaa chembe, zilitikisika, zilikosa fokasi, kwa makusudi, katika nchi iliyokuwa na maandamano barabarani. Kutokamilika kwao kulikuwa na sababu. Ukitikisa kamera bila sababu, umetikisa kamera tu.

Limebaki jambo la wakati.

Mtawa Yoshida Kenko, aliyeishi karne ya 14, aliuliza kama kweli maua ya mcheri yatazamwe yakiwa yamechanua yote tu, na mwezi utazamwe usipokuwa na wingu tu. Yeye alipenda tawi linalokaribia kuchanua, na bustani iliyotapakaa petali zilizokwisha kuanguka. Miaka mia nne baadaye, Motoori Norinaga, daktari wa mji wa Matsusaka, aliufafanua moyo huo kwa maneno mono no aware: kuguswa na vitu kwa sababu vinapita. Mcheri ukichanua, maua hayamalizi hata wiki mbili. Taifa zima hutoka kwenda kuyatazama, na wanajua wanaaga.

Kamera, mkifikiri, ndicho chombo cha jambo hilo. Rinko Kawauchi alitoa vitabu vitatu vya picha kwa pamoja mwaka 2001, na mwaka uliofuata akapewa tuzo ya upigaji picha ya Kimura Ihei. Anapiga kwa fremu ya mraba vitu ambavyo wengi wetu tungevipita: tone, mdudu, kijiko, mwanga mkononi mwa mtoto. Mwanga wake ni mwingi, karibu uchome picha, na unahisi kwamba sekunde moja baadaye kitu kile hakikuwepo tena. Hiroshi Sugimoto akaingia kwa mlango mwingine. Kuanzia miaka ya 1970 alikuwa akiingia kwenye kumbi za sinema na kamera kubwa, anafungua lenzi filamu inapoanza na kuifunga inapokwisha. Mapenzi yote, vita vyote, vicheko vyote vya filamu ile vinaingia kwenye picha moja, na kinachobaki ni pazia jeupe linalong'aa, viti vitupu, na nakshi za ukumbi zilizomulikwa na mwanga wa pazia lenyewe. Nilipoiona picha hiyo mara ya kwanza nilitulia kwa muda mrefu. Ameacha nafasi kwa kukijaza kitu hadi kikawa cheupe.

Nimalizie na mtu aliyenifundisha kungoja.

Ken Domon, aliyezaliwa mwaka 1909, alikuwa mpiga picha mkali, mtu wa ukweli usiopambwa, na kwa miaka mingi alizunguka Japani akipiga mahekalu ya kale. Muro-ji, hekalu lililoko milimani katika mkoa wa Nara, alilifikia mara ya kwanza mwaka 1939, akalirudia mara nyingi mno. Pana ngazi za mawe zinazopanda msituni, na pana pagoda ya ghorofa tano, ndogo, yenye mita 16 tu. Alikuwa ameambiwa pale hekaluni kwamba Muro-ji huwa nzuri kuliko wakati wote ikiwa na theluji, na picha hiyo hakuwa nayo. Theluji nyingi haianguki pale kila mara, na inapoanguka haikungoji ufunge safari.

Karibu na mwaka 1960 alipigwa na kiharusi. Mkono haukumtii tena kwenye kamera ndogo, akahamia kamera kubwa yenye stendi. Mwaka 1968 kikampiga cha pili, akawa mtu wa kiti cha magurudumu. Aliendelea kufanya kazi kwa msaada wa wasaidizi wake. Na theluji ya Muro-ji bado hakuwa nayo. Majira ya baridi ya mwaka 1978 aliingoja akiwa hospitalini hukohuko Nara. Februari ikapita. Machi ikaingia, na mwezi Machi watu wa Nara wanaanza kuhesabu siku za kuchipua.

Asubuhi ya tarehe 12 Machi 1978 theluji ilianguka. Domon alifikishwa Muro-ji na akapiga: miti, paa za magome ya miti, ngazi za mawe, vyote chini ya weupe mwembamba. Mwaka uliofuata alipoteza fahamu, na hakuzinduka tena hadi alipofariki mwaka 1990.

Picha hizo ziko nami hapa, nitazipitisha kwa mikono ili kila mtu aishike mwenyewe. Naomba taa ile ya mbele izimwe, dirisha linatosha.